Mazoezi ya nguvu baada ya miaka 40: nusu saa, mara mbili kwa wiki

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu wa miaka 40 na kuendelea, klipu mbili zinapishana kila mara. Kwenye ya kwanza, mtu mwenye kifua kipana anasema ukifika umri huo bila kunyanyua vyuma umekwisha. Kwenye ya pili, mtu aliyevaa koti jeupe anaonya kwamba vyuma ukubwani vinamaliza magoti, vinapandisha presha na kuvunja mgongo. Zote mbili zinasambazwa na watu walewale. Anayezipokea ni baba au mama anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku, mwenye watoto wa shule na mzazi kijijini anayesubiri hela ya dawa. Anajiuliza kama hili nalo ni jukumu jipya la kujitwisha.

Jibu langu ni ndiyo, ni jukumu. Lakini ni dogo kuliko klipu zote mbili zinavyolifanya: nusu saa, mara mbili kwa wiki, nyumbani, kwa vitu ambavyo vingi unavyo tayari. Sharti lake ni moja tu, nalo ndilo watu wengi wanalikosa hata wakiwa wanatoka jasho kila Jumamosi.

Tuanze na maneno, maana mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. Tukisema "mazoezi", wengi wetu tunafikiria jasho na kuhema, na hayo ni aina moja tu, mazoezi ya pumzi: kutembea haraka, kukimbia, kuendesha baiskeli, kuogelea, kuruka kamba. Moyo na mapafu vinafanya kazi kwa muda mrefu, na misuli inafanya kazi nyepesi mara nyingi sana. Mazoezi ya nguvu ni kinyume chake. Misuli inapewa mzigo mzito kiasi kwamba ukiurudia mara 8, 12 au 15 unaona kabisa kuwa bado mara mbili tatu ushindwe. Mzigo wenyewe unaweza kuwa chuma, dumu la maji, mpira wa kuvuta au uzito wa mwili wako. Yanaitwa ya nguvu kwa sababu ya ugumu wake, siyo kwa sababu ya kifaa kinachotumika.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima afanye yote mawili. Kwa upande wa pumzi ni dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au nusu yake kama mwendo ni mkali. Kwa upande wa nguvu ni siku mbili au zaidi kwa wiki, zikigusa makundi yote makubwa ya misuli. Sisi tumeshika nusu ya kwanza tu ya ushauri huo. Hapa Tanzania, mwishoni mwa 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais alizindua kampeni ya mazoezi dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatajwa kuwa siku ya mazoezi kitaifa. Klabu za jogging zimeenea Dar es Salaam na mikoani, kila moja na fulana zake na nyimbo zake, na nazifurahia kwa moyo wangu wote. Ila ukimuuliza mwanachama wa miaka 48 siku zake mbili za nguvu ziko wapi, mara nyingi atakuambia: "Si ndiyo hizi mbio?"

Mbio hazitoshi, na sababu iko ndani ya misuli yenyewe. Msuli umeundwa na nyuzi za aina kuu mbili. Zipo nyuzi za polepole, zisizochoka haraka, ambazo ndizo zinazokutembeza na kukukimbiza pole. Zipo na nyuzi za kasi, zenye nguvu nyingi lakini zinazochoka upesi. Mwili hauziiti hizi za pili mpaka kazi iwe nzito, au nyepesi iliyorudiwa mpaka karibu na kuchoka kabisa, au ya ghafla. Unaweza kukimbia kilomita 5 kila Jumamosi kwa miaka kumi na nyuzi zako nyingi za kasi zikabaki hazina kazi. Ubaya ni kwamba hizohizo ndizo zinazopungua zaidi umri unapokwenda, na hizohizo ndizo zinazokudaka ukiteleza bafuni.

Mwili na misuli yake ni kama Mangi wa mtaani na duka lake: bidhaa isiyotoka haiagizi tena. Msuli ni ghali kuulisha, kwa hiyo usipoombwa unaachwa upungue. Kuanzia miaka ya 30 hivi, mtu asiyefanya mazoezi ya nguvu hupoteza takriban asilimia 3 hadi 8 ya misuli kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi inaongezeka. Nguvu hupungua haraka kuliko nyama yenyewe. Kwenye mizani hutaona kitu, kwa sababu mafuta yanaingia pale msuli ulipotoka, na wakati mwingine uzito unapanda kabisa. Hali hii ikizidi madaktari wanaiita sakopenia, jina lililopendekezwa na mtafiti wa Kimarekani Irwin Rosenberg mwishoni mwa miaka ya 1980. Mpaka wakati huo wengi waliona kuwa ni uzee tu, jambo lisilostahili hata jina.

Hasara yake unaiona kwenye kiti. Kuinuka kwenye kiti kunadai kiasi fulani cha nguvu za mapaja na makalio. Kwa kijana ni kiasi kidogo, wala hakisikii. Miaka inapita, kiti ni kilekile, mwili ni uleule au umeongezeka, lakini nguvu zimepungua, kwa hiyo kiti kinadai sehemu kubwa zaidi ya kile ulichonacho. Siku kinapodai chote, unaanza kushika meza. Hii ndiyo sababu mtu anaonekana mzima miaka yote, halafu anaugua wiki tatu, analala kitandani, na akipona hawezi tena kwenda chooni peke yake. Ugonjwa ulikuja ukamalizia kidogo kilichokuwa kimebaki.

Kipimo unaweza kukifanya leo usiku. Chukua kiti cha kawaida kisicho na mikono, kiegemeze ukutani, kaa, kunja mikono kifuani, kisha inuka usimame wima na ukae, mara tano, haraka uwezavyo, mtu akiangalia saa ya simu. Wataalamu wa Ulaya wanaoshughulika na sakopenia wanahesabu zaidi ya sekunde 15 kuwa dalili ya nguvu kupungua. Kipimo hicho kilitengenezwa kwa ajili ya wazee. Mtu wa miaka 45 anatakiwa amalize mapema kabisa, na asipoweza basi ameshapata habari muhimu kuhusu mwili wake bila kulipa hela.

Kuna na mengine ambayo misuli inafanya kimyakimya. Baada ya mlo, misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari iliyoingia kwenye damu, na msuli unaofanya kazi huivuta sukari hata bila kutegemea insulini. Ndiyo maana mazoezi ya nguvu yamo kwenye ushauri wa kisukari cha aina ya pili, pamoja na kutembea. Mifupa nayo hukaza inapobebeshwa, jambo lenye uzito wa pekee kwa mwanamke anayekaribia ukomo wa hedhi, kwa sababu homoni iliyokuwa inailinda mifupa yake inashuka. Huko Queensland, Australia, watafiti waliwachukua wanawake waliokwisha kukoma hedhi, wenye mifupa iliyoanza kupungua, wakawanyanyulisha vyuma vizito chini ya uangalizi, nusu saa mara mbili kwa wiki, kwa miezi minane. Matokeo yakachapishwa 2017: mifupa ya uti wa mgongo wao iliongezeka uzito, wakati ya wenzao waliopewa mazoezi mepesi ya nyumbani ilipungua.

"Lakini kazi yangu tayari ni ngumu"

Hoja hii naiheshimu, kwa sababu wanaoitoa wanasema kweli. Fundi ujenzi, mama anayebeba ndoo kutoka bombani, kuli wa Kariakoo, hawa hawawezi kuwekwa kapu moja na karani wa ofisini. Nguvu wanazo, na baadhi ya sehemu za miili yao zimejengeka kuliko za mtu yeyote wa jimu. Tatizo ni namna kazi inavyogawa mzigo. Kazi inarudia mwendo uleule, mara nyingi upande uleule, kwa uzito uleule mwaka hadi mwaka. Mwili ulishauzoea uzito huo zamani, kwa hiyo hauongezi kitu. Tena kazi haiangalii kama mgongo ulipumzika jana. Anayebeba ndoo kichwani kila siku anaweza kuwa na shingo na mapaja imara huku hana nguvu ya kuvuta, yaani misuli ya nyuma ya mabega, kwa sababu hakuna kitu katika siku yake kinachomtaka avute. Mtu wa namna hii hahitaji kurudia kile anachofanya kazini. Anahitaji ile miendo miwili mitatu ambayo kazi yake haimpi, kwa muda mfupi, na siku ambayo mwili haujachoka sana.

Mwenye kazi ya kukaa, anayepanda basi la mwendokasi Kimara na kushuka Posta, yeye anahitaji yote. Dakika ishirini za kusimama umebanwa kwenye basi zinachosha kweli, lakini uchovu huo haujengi chochote.

Kikao kimoja kikoje

Kwa anayeanza, miendo mitano inatosha kugusa mwili mzima. Kuchuchumaa na kuinuka. Kusukuma. Kuvuta. Kuinama kwa kukunjia nyongani, mgongo ukiwa umenyooka, na kuinua kitu. Na kubeba kitu kizito na kutembea nacho.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni dumu la plastiki lenye mkono, lile la mafuta ya kula. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo una chuma kinachosoma uzito wake chenyewe. Dumu la lita 10 ukilijaza nusu ni kilo 5, ukiongeza chupa ya lita moja ni 6, mpaka 10. Likijaa, hamia la lita 20. Hakuna chuma cha dukani kinachokuruhusu kupanda polepole namna hiyo kwa bei hiyo. Hakikisha tu kifuniko kimebana, na kwamba mkono wake haujapasuka, maana dumu lililokaa juani miaka miwili hukatika ghafla.

Pasha mwili joto kwa dakika tano: zungusha mabega, tembea kwa kuinua magoti, chuchumaa mara chache bila mzigo. Kisha kaa kwenye kiti na uinuke mara 10 bila kushika. Ikiwa rahisi, kumbatia dumu kifuani. Kusukuma kunaanzia ukutani: mikono kwenye ukuta, miguu hatua mbili nyuma, kifua kinaenda na kurudi. Ukifika mara 15 bila taabu hamia kwenye ukingo wa meza isiyoteleza, kisha kwenye ngazi au kochi, na mwisho sakafuni. Wanaume wengi wanaruka hatua hizi kwa aibu, wanashuka moja kwa moja kupiga pushapu za sakafuni zenye kiuno kilichobonyea, na mabega ndiyo yanayolipa. Kuvuta: egemeza mkono mmoja kwenye kiti, inama mgongo ukiwa sambamba na sakafu, na kwa mkono mwingine livute dumu mpaka ubavuni, mara 10, kisha badilisha. Kuinua: dumu liko sakafuni kati ya miguu, sukuma makalio nyuma kama unayefunga mlango kwa nyuma, shika, inuka. Kubeba: dumu kila mkono, tembea kutoka mlangoni mpaka getini na kurudi, mabega yamenyooka, usilegee.

Kila mwendo, seti mbili (seti ni mfululizo mmoja wa kurudia bila kupumzika) kwa mwezi wa kwanza, baadaye tatu, ukipumzika dakika moja hadi mbili kati ya seti. Acha pale unapoona bado una mara mbili au tatu za ziada. Hapo ndipo mahali sahihi, kwani ukiacha mapema kuliko hapo mwili hauoni sababu ya kujenga, na ukilazimisha mpaka ushindwe kila seti, mtu wa miaka 45 asiyelala vya kutosha atashindwa kurudi siku inayofuata. Toa pumzi unapoinua na ivute unaposhusha. Shusha polepole, inuka kwa haraka kidogo.

Sasa lile sharti nililotaja mwanzo. Mzigo lazima uongezeke. Daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliandika jambo hili mwaka 1945 baada ya kuwatibu askari huko Chicago, wengi wao wakiwa na majeraha ya magoti. Desturi ya wakati huo ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi ya kurudia mara nyingi. Yeye akawapa mizigo mizito inayopandishwa kadiri wanavyopata nguvu, nao wakapona haraka zaidi. Mpaka leo wataalamu wa tiba ya viungo wanafuata msingi huohuo. Kwa hiyo weka daftari. Andika tarehe, mwendo, lita, na idadi. Ukifika mara 15 kwa seti zote, ongeza lita moja na urudi kwenye 8 au 10. Anayepiga pushapu 20 zilezile kila asubuhi tangu mwaka juzi anatunza alichonacho, na hilo ni jema, lakini asishangae kwamba hapandi.

Kupandisha hakudai vyuma vikubwa. Utafiti uliofanywa mara kadhaa, ukiwemo wa Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada, umeonyesha kwamba mzigo mwepesi unaorudiwa mpaka karibu na kuchoka hujenga msuli kama mzigo mzito unavyojenga. Mzigo mzito unashinda kwenye nguvu ya juu kabisa, ile ya kuinua kitu kizito sana mara moja. Mtu anayetaka kubeba mfuko wa sembe wa kilo 25 mpaka jikoni na kumpakata mjukuu miaka ishirini ijayo hana haja ya kugombania tofauti hiyo.

Wiki za kwanza utaona unapata nguvu kabla mwili haujabadilika. Hiyo ni mishipa ya fahamu inajifunza kuziita nyuzi nyingi kwa pamoja. Msuli wenyewe kukua kunaonekana baada ya miezi miwili mitatu. Wengi wanaacha wiki ya tano wakisema "sioni kitu", wakati daftari lao linaonyesha wametoka lita 5 hadi 9.

Nusu saa inatoka wapi

Hapa ndipo makala nyingi za afya zinapopita haraka, na ndipo watu wanapokwama. Ratiba ya mtu wa umri wa kati haiko mikononi mwake mwenyewe. Mtoto anaugua, bosi anaita, kuna msiba Tanga, kuna kikao cha harusi kila Jumapili.

Kwanza, chagua siku mbili zenye angalau siku moja katikati, kwa mfano Jumanne na Ijumaa, na zifungwe kwenye kitu ambacho tayari kinatokea: kabla ya kuoga asubuhi, au mara tu unapofika nyumbani kabla ya kukaa kwenye kochi. Ukikaa umeshakwisha. Pili, kikao kinaweza kukatwa. Kuchuchumaa na kusukuma asubuhi, kuvuta na kubeba jioni, mwili unavihesabu vilevile. Tatu, na hili ningependa lijulikane zaidi, kulinda nguvu ni rahisi sana kuliko kuijenga. Wiki ambazo kila kitu kimevurugika, kikao kimoja kwa wiki kwa uzito uleule kinatosha kushikilia ulichokijenga. Ndivyo wengi wanavyofanya mwezi wa Ramadhani: kikao kifupi saa moja au mbili baada ya futari, mzigo haushushwi, seti zinapunguzwa. Ukikaa mwezi mzima bila kufanya kitu, anza kwa theluthi mbili ya uzito wa zamani. Nguvu iliyowahi kujengwa hurudi haraka kuliko ilivyojengwa mara ya kwanza.

Lipo na suala la nani anaangalia sufuria. Katika nyumba nyingi, baba akisema anakwenda mazoezini anaondoka. Mama akisema hivyo, lazima kwanza apike, aogeshe, aangalie madaftari, na ikifika saa nne usiku mwili umegoma. Hakuna ratiba ya mazoezi inayotibu hilo. Linatibiwa na mume anayesema: "Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa kumi na mbili hadi na nusu, watoto niachie mimi." Ni saa moja kwa wiki. Na mwanamke asiyependa kufanya mazoezi mbele za watu hahitaji kwenda ufukweni Coco wala jimu yenye vioo. Chumba chenye nafasi ya kunyoosha mikono kinatosha, na nguo yoyote isiyonasa miguuni.

Watoto waruhusiwe kujiunga, hata kama wanavuruga hesabu. Mtoto wa miaka saba anakuwa mzigo mzuri sana wa kubeba mgongoni ukichuchumaa, pale dumu linapokuwa jepesi.

Hofu zinazosikika zaidi

Wanawake wanaambiwa watakuwa na miili ya mabaunsa. Haitatokea kwa vikao viwili vya dumu. Testosteroni, homoni inayokuza misuli mikubwa ya kiume, kwa mwanamke ni kidogo mara nyingi sana kuliko kwa mwanaume, na hata wanaume wenye homoni hiyo wanahangaika miaka kupata vifua vile. Wanawake wengi wenye maumbo ya mashindano wamefika huko kwa miaka ya kazi, chakula cha kupimwa na, kwa baadhi, dawa.

Wanaume wanapiga sitapu 100 ili kitambi kiyeyuke. Mafuta hayachagui kuondoka juu ya msuli unaofanya kazi. Hutoka mwili mzima, kwa utaratibu ambao mwili wako umeupanga, na kinachoyatoa hasa ni hesabu ya chakula. Wala mafuta hayageuki kuwa misuli, ni vitu viwili tofauti. Jambo la kuzingatia ni hili: mtu anayepunguza uzito kwa kujinyima tu hupoteza mafuta pamoja na misuli, na uzito ukirudi, unaorudi zaidi ni mafuta. Kama uko kwenye daieti yoyote, hizo siku mbili za nguvu ndizo zinazolinda kisipotee kile usichotaka kipotee.

Magoti na mgongo. Kwa goti lililoanza kusagika, kuimarisha misuli ya paja ni sehemu ya tiba inayopendekezwa mwanzoni kabisa, kabla ya mambo ya sindano na upasuaji. Jifunze kutofautisha maumivu. Msuli kuwaka wakati wa seti, na kuuma siku ya pili na ya tatu, ni kawaida kwa anayeanza na hupungua baada ya wiki chache. Maumivu makali ya kuchoma ndani ya kiungo, au yanayoshuka mguuni kama umeme, yanakutaka uache mwendo huo. Pia kuumwa siyo kipimo cha kazi nzuri. Kikao kinaweza kukujenga bila kukuachia maumivu yoyote.

Presha. Mazoezi ya nguvu ya mara kwa mara husaidia kuishusha kidogo, pamoja na dawa ulizoandikiwa. Hatari iko kwenye kubana pumzi ukikaza mzigo mzito, kwani hapo presha hupanda ghafla, ndiyo maana nimesisitiza kutoa pumzi. Wanaopaswa kumwona daktari kabla ya kuanza ni wenye presha isiyodhibitiwa, maumivu ya kifua au kizunguzungu, ngiri, kisukari kilichogusa macho, na waliofanyiwa upasuaji karibuni. Anayetumia insulini au dawa zinazoshusha sukari apime kabla na awe na kitu kitamu karibu.

Chakula. Unga wa protini wa kopo siyo lazima. Mtu anayejenga misuli katika umri huu anafaa kupata gramu 1.2 hivi za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwenye kilo 70 ni kama gramu 84. Mayai mawili na glasi ya maziwa asubuhi ni gramu 20. Kikombe cha maharage yaliyopikwa ni 15. Kipande cha samaki au kuku cha gramu 100 ni 25 hivi. Kiganja cha karanga ni 7, na ugali, wali au chapati vinaongeza zinazobaki. Dagaa wakavu ni hazina ambayo hatuipi heshima yake: kwa gramu wana protini nyingi kuliko nyama mbichi, na ukiwala na miba yao umepata na madini ya chokaa kwa ajili ya mifupa. Kosa la kawaida mezani kwetu ni kulundika protini yote usiku, huku asubuhi ikiwa chai na vitumbua peke yake. Wagonjwa wa figo wasifuate hesabu hii bila daktari.

Na wazazi wetu je?

Ukishaanza utaulizwa na mama yako wa miaka 75 kama naye anaweza, na utaogopa kumjibu. Mwaka 1990, daktari Maria Fiatarone na wenzake huko Boston walichapisha matokeo ya wakazi kumi wa nyumba ya wazee, wenye miaka 86 hadi 96, waliofanya mazoezi mazito ya mapaja kwa wiki nane. Nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili kati yao waliacha kutumia fimbo. Kwa wenye miaka 65 na kuendelea, Shirika la Afya Duniani linapendekeza mazoezi ya usawa na nguvu angalau siku tatu kwa wiki, ili kuzuia kuanguka.

Kwa mama, anza na kuinuka kwenye kiti na kusukuma ukuta, basi. Kiti kiegemee ukuta, sakafu iwe kavu, avue kandambili, na wewe usimame pembeni yake, siyo mbele. Weka mito miwili juu ya kiti ili kiwe kirefu, na mwache ashike meza kwa mkono mmoja. Akiweza kuinuka mara 10 bila kushika, ondoa mto mmoja.